Jina Juu ya Mtutu

Sanduku lilipofika, Baba aliniambia nilifungue polepole, kana kwamba ndani kuna mayai. Nilikata kamba, nikatoa makaratasi, nikapanga vitu mezani kimoja kimoja: mtutu mrefu wa pande nane, gogo la mepo, mti mgumu wa misitu ya huku, lililochongwa nusunusu, mtambo wa gumegume wa kufyatulia, na mfuko wa vipande vya shaba vilivyokuwa bado na makovu ya kalibu. Wauza masanduku hayo huandika kwamba yeyote mwenye subira anaweza kujiundia gobore nyumbani. Waongo wakubwa. Wanakuuzia vitu vinavyofanana na gobore, kisha gobore lenyewe wanakuachia ulitafute.

Baba yangu, Mahlon Hackenberg, alikuwa akiwadharau watu wa masanduku. Yeye alizoea kuanza na ubao mtupu, na nusu ya wanaume wa klabu ya wawindaji ya bonde letu wanatembea na bunduki zake. "La sandukuni si gobore, ni chemshabongo," ndivyo alivyokuwa akiwasema. Lakini ugonjwa wa kutetemeka ulimwingia mkono wa kulia, ukahamia wa kushoto, na mzee aliyekuwa akichonga maua kwenye shaba akawa hawezi kufunga kifungo cha shati. Akameza maneno yake, akaagiza sanduku. Alitaka bunduki moja zaidi kabla hajafa, ya kumpa mdogo wangu Dale. Ikabidi itafutwe mikono, na iliyokuwa karibu ni yangu.

Huku kwetu Pennsylvania, baada ya Krismasi, kuna msimu wa kulungu ambao bunduki inayoruhusiwa ni ya gumegume tu. Mtu mwenye kabati zima la bunduki za kisasa huziacha, akaingia kwenye theluji na kitu cha enzi za babu wa babu yake. Jiwe linagonga chuma, cheche inaangukia baruti, na mara nyingi hakitoki kitu ila matusi. Wanaupenda msimu huo kuliko Pasaka.

Na kuna desturi moja lazima niitaje, maana ndiyo iliyonichoma. Mtengenezaji hukata jina lake juu ya mtutu, upande wa juu kabisa, ili kila anayelenga alisome kabla hajafyatua. Ukutani jikoni kwetu zimetundikwa bunduki tatu: ya baba wa babu, ya babu Amos, na ya Baba. Tangu nikiwa mtoto Baba alikuwa na sheria yake, na aliirudia kila aliposikia kuna mtu amejitia fundi kwa kazi ya mwenzake. "Anayelaza mtutu ndani ya mti ndiye mwenye jina," alisema. "Siyo aliyelipa, wala siyo aliyeshika taa."

Kulaza mtutu ndiyo kazi yenyewe. Unawasha taa ya mafuta, unaupitisha mtutu juu ya moshi mpaka upate masizi, unaukandamiza ndani ya mfereji wa mti, kisha unauinua. Palipobaki weusi ndipo panapogusa, na hapo unakwangua mbao kidogo sana, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Kisha masizi tena, na kukwangua tena. Ukikwangua kupita kiasi umeacha pengo, na kila mwenye macho ataliona mpaka siku ya kiama.

Mimi ni mpishi wa shule. Nilikuwa nikirudi mchana, navua aproni moja navaa nyingine, nafunga jiliwa kwenye meza ya jikoni na kuanza. Baba alikaa karibu na jiko, mikono ameibana katikati ya magoti ili itulie, macho yote kwangu.

"Unakwangua au unampapasa paka?"

"Nakwangua, Baba."

"Basi paka amefurahi. Mti je?"

Nikiongeza nguvu, alipiga kelele. "Haya, chimba kaburi kabisa, tutafute wa kumzika!"

Siku moja nilimgeukia nikamwambia, "Njoo ukwangue wewe." Akaitazama mikono yake. Nilijuta kidogo, si sana.

Siku patasi iliponiteleza karibu na mtambo, kiliruka kibanzi cha ukubwa wa ukucha. Nilikaa chini nikalia kama mjinga. Baba alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia nikitafute kibanzi chini ya meza nikirudishe na gundi, kikiwa bado kinakumbuka kwao. Nilitambaa mpaka nikakipata. Leo hata mimi mwenyewe siwezi kukuonyesha kilipokaa.

Chini ya mtutu nilikata kwa tupa vijifereji vitatu. Humo hukaa vipande vya chuma vinavyopokea pini, na pini ndizo zinazoshika mtutu usiachane na mti. Hapo Baba aliacha mzaha, maana ukiingia chini sana umeudhoofisha mtutu, na baruti haisamehe. Alinisimamisha kila baada ya muda mfupi nipime. Kila kijifereji kilipokwisha alikipima mwenyewe kwa ukucha, mkono mmoja ukiushikilia mwenzake, uso karibu uguse chuma. Vyote vitatu alisema vimekaa.

Theluji iliyeyuka, maua yakaja, shule ikafungwa, nami nilikuwa bado mezani. Siku mtutu ulipozama kwenye mti bila kubaki na mwanya, Baba aliomba nimsogezee. Alipitisha ukucha kwenye mpaka wa chuma na mbao, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Hapapiti hata unywele," akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini, "Hii ni kazi ya Hackenberg."

Nami ni Hackenberg. Sikuolewa, watu wa huku husema nilibaki, kana kwamba mimi ni supu. Nimepikia watoto wa watu, nimemzika Mama, nimemwogesha Baba, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba Arlene Hackenberg aliwahi kufanya jambo. Nilitaka jina langu juu ya ule mtutu. Nilitaka nisimame klabuni, Baba aseme mbele ya wale wanaume, huyu ndiye aliyeitengeneza. Sikutaka kitu kingine, na sioni aibu kusema.

Nikaanza kujifunza kukata herufi kwenye kipande cha chuma chakavu. Baba aliniona, hakuuliza ni za nini. Wakati wa kupaka mti maji ya tindikali yaliyoyeyushiwa chuma, yanayoutia rangi, na kuupitisha juu ya moto mpaka michirizi ya mepo ikaamka yote, yeye ndiye aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa Kijerumani kibovu cha wazee wetu. Nilipaka mafuta ya kitani kwa kiganja, siku baada ya siku. Tulikuwa na furaha, nasema kweli, na hilo ndilo linalonikera zaidi nikikumbuka.

Majani yalipokwisha kuanguka, bunduki ilikuwa imekamilika, isipokuwa jina. Niliufunga mtutu kwenye jiliwa, upande wa juu ukiwa juu, nikachukua kalamu ya risasi.

"Naanzia hapa, Baba, au nisogee mbele?"

"Hapo hapo. Anza na M."

Nilidhani hajanielewa. "M ya nini?"

"M ya Mahlon. Ya nini tena?"

"Baba. Nani aliyelaza mtutu?"

Akaanza kuangalia dirishani. Nje hakukuwa na kitu, ng'ombe wa jirani tu.

"A ilishakatwa, Arlene. A. Hackenberg ni babu yako. Watu watachanganyikiwa."

"Babu alikufa kabla sijazaliwa. Nani atachanganyikiwa? Basi nitaandika Arlene, lote."

"Eti Arlene!" Akageuka. "Dale aende klabuni na bunduki imeandikwa Arlene? Si watamuuliza kama ilikuja na sketi yake?"

"Wacha waulize. Ana mdomo, atajibu."

"Sanduku liliagizwa kwa jina langu. Kila kitu nilikuambia mimi. Wewe ulikuwa mikono."

"Ndiyo. Siyo aliyeshika taa, ulisema. Siyo aliyelipa. Nimekusikia maisha yangu yote ukisema."

Hapo uso wake ukavunjika. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akilia, hata Mama alipokufa, lakini kidevu chake kilitikisika na haukuwa ule ugonjwa. "Hii ndiyo ya mwisho kwangu," akasema. "Niachie hii, mwanangu. Ijayo ni yako. Ijayo andika unachotaka, andika na namba ya simu." Alijaribu kucheka na machozi yakiwa mashavuni.

Ningefanya nini? Nilikata M. Kisha nikakata nukta, na herufi zote za ukoo wetu, moja baada ya nyingine, na zikatoka nzuri kuliko zote nilizokuwa nimejifunzia. Baba alisogea akapuliza vumbi la chuma mwenyewe. Roho iliniuma kiasi kwamba usiku ule sikumwaga hata maji ya vyombo, nilipanda kulala nikayaacha.

Dale alikuja wiki ya kabla ya Krismasi na mkewe Tammy. Dale anauza magari mjini Harrisburg, ana sauti ya wauza magari, na nampenda kwa sababu ni mdogo wangu na nilimbeba. Akaitoa bunduki kwenye blanketi. Alipapasa mti, akalenga taa, akasoma jina.

"Mzee!" akasema. "Kumbe bado umo! Sisi tunakusikitikia, wewe unafanya haya kimya kimya!"

"Mikono hutetemeka ikikosa kazi," Baba akasema.

Niligeuka nikamtazama. Hakunitazama. Tammy, ambaye hana ubaya wowote ila hafikiri, alinishika bega. "Pole, Arlene. Utakuwa umefagia takataka za mbao mwaka mzima!"

"Nimefagia," nikasema.

Jumamosi ile klabu walikuwa na mashindano ya kulenga shabaha, kama kila mwaka kabla ya msimu kufunguliwa. Nilikwenda na pai mbili za molasi, maana wanawake huku huenda na pai. Bunduki ilipita mkono kwa mkono. Clair Snook, mwenyekiti wao, mtu mzima mwenye ndevu za manjano ya tumbaku, aliigeuzageuza karibu na dirisha, akatafuta pengo kati ya chuma na mbao, akakosa.

"Mahlon, mzee wangu, wewe ni mchawi," akasema. "Nilidhani umekwisha."

"Bado kidogo," Baba akasema, na wote wakacheka na kumpigapiga mgongoni. Nilikuwa nimesimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwake, nakata pai. Angeweza kusema. Neno moja tu. Nilisubiri mpaka pai ikaisha, kisha nikaosha kisu.

Kabla Dale hajaondoka kwenda msituni nilimwita kando. Kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia, nilikuwa nimekata alama ya mviringo. Alama ikilingana na mdomo wa mtutu, risasi imefika chini, imekaa juu ya baruti. Alama ikibaki juu, risasi imekwama njiani, na hapo ukifyatua ni sawa na kuwasha bomu mkononi.

"Na kila ukipiga mara moja, futa ndani kwa kitambaa," nilimwambia. "Baridi hii masizi yanaganda. Risasi ya pili haitashuka."

"Dada," Dale akasema, akanibusu utosini, "mimi nilikuwa nawinda wewe bado hujui gobore linalia upande gani."

"Nimekuambia alama, Dale. Itazame."

"Mwache mwenzio!" Baba akaniita kutoka kwenye kiti. "Utamfundisha mwanamume kuwinda?"

Habari zilikuja siku ya tatu ya msimu, asubuhi. Dale alimpiga kulungu vibaya, juu ya mguu. Kulungu alikwenda hatua chache akasimama kwenye miti, akimtazama. Wenzake waliokuwa ng'ambo ya bonde walimwona akimimina baruti kwa pupa, akisukuma mdeki, akiurudisha, akiinua bunduki. Kisha wakasikia mlio ambao wanasema haukuwa mlio wa gumegume. Mtutu ulipasuka pale pale mkono wa kushoto unaposhikilia. Vidole viwili viliondoka na kipande cha kiganja.

Nililia. Sijali anayeamini au asiyeamini. Nilikaa naye hospitali, nikamsomea magazeti, na kila nilipouona ule mkono uliofungwa nilisahau jina na mtutu na kila kitu. Nilimuuliza mara moja tu, siku ya pili, kama risasi ya pili ilishuka mpaka chini. "Ilishuka," akasema, akafumba macho. Nilimwacha.

Mwaka Mpya tulikula nguruwe na kabichi chachu kama kila nyumba, Dale akiwa kwetu kwa sababu Tammy alikuwa amerudi kazini. Siku iliyofuata, mchana, walikuja watu wa klabu. Clair Snook na wengine wanne, kofia mkononi, viatu vimefutwa vizuri mlangoni. Wanaume wa huku wakifuta viatu namna ile ujue wamekuja na jambo. Clair alikuwa amebeba mtutu umefungwa kwenye gunia, akauweka mezani, mahali pale pale nilipoulazia.

Walimuuliza Dale hali, wakazungumza juu ya theluji. Kisha Clair akakohoa.

"Mahlon, unajua tunavyokuheshimu," akasema. "Lakini wengine hapa tuna bunduki zako. Mwanangu anayo moja. Mjukuu wangu atarithi. Lazima tuulize, bwana. Imekuwaje?"

Niliona jambo likipita usoni mwa Baba. Alimtazama Dale, akautazama ule mkono uliofungwa. Aliutazama mtutu, na jina lake juu yake, limekatwa vizuri, limekaa mbele kidogo ya mpasuko. Alikuwa mzee mwenye kitu kimoja tu kilichobaki duniani, na kilikuwa mezani kimepasuka mbele ya watu.

"Zenu zisiwanyime usingizi," akasema. "Zenu nilitengeneza mimi."

"Na hii?"

"Hii aliitengeneza Arlene."

Baba alikuwa anaongea haraka sasa, mikono imemtoka katikati ya magoti inarukaruka. "Mimi sijashika patasi mwaka mzima, mnaniona nilivyo. Ni Arlene. Mti yeye, mtambo yeye, kila kitu yeye. Hata jina alilikata yeye. Na chini ya mtutu alikata kwa tupa, nilimwambia asiende chini sana, nilimwambia. Sasa mwanamke, mpishi, utamlaumu vipi? Kosa langu ni kumwachia."

Mwaka mzima nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo. Mti Arlene, mtambo Arlene, kila kitu Arlene. Aliyasema kwa sauti, mbele ya watu wale wale niliotaka wayasikie, bila kuacha hata moja.

"Ni kweli," nikasema. "Ni yangu. Yote." Niliukamata mtutu nikaupindua juu ya gunia, upande wa chini ukaja juu. "Haya. Hivi hapa vijifereji. Vitatu. Vihesabuni. Vyuma vyote vimo, hakuna hata kimoja kilicholegea, na Baba alivipima kwa ukucha wake akasema vimekaa. Mnaona ufa hapa chini? Clair, unaona ufa?"

Clair akainama kutazama.

Nikaupindua tena. "Mpasuko uko huku ubavuni. Na tazameni hapa, chuma kimevimba pande zote, kama nyoka aliyemeza panya. Kimevimba katikati ya mtutu, siyo chini kwenye baruti. Kitu kilikuwa kimesimama hapa. Nyinyi mmepiga magobore tangu utotoni. Semeni ni nini kilikuwa kimesimama hapa."

Walijua wote. Sikuhitaji kuwafundisha; hata mtoto wa klabu ile hufundishwa hilo kabla ya kupewa baruti. Risasi ilikwama njiani na mtu akafyatua. Macho yao yalikwenda kwa Dale, yakakuta bandeji, yakaondoka haraka. Yakaenda kwa Baba, aliyekuwa amejikunja kwenye kiti, mdomo wazi. Kisha yakashuka, yote, mpaka kwenye viatu vyao vilivyofutwa.

Niliwangoja. Nilimngoja Clair hasa, kwa sababu ni mtu wa haki, ndivyo anavyojulikana, ndiyo maana wanamchagua kila mwaka. Alipapasa ndevu zake. Alinyoosha mkono akaugusa ule uvimbe kwenye chuma kwa kidole gumba, akazunguka nao pande zote, polepole. Alikuwa anajua anachogusa.

"Chuma ni chuma, Arlene," akasema mwishowe. "Wakati mwingine huwezi kujua."

Akaugeuza mtutu, mpasuko ukalala chini usionekane, akaufunika na pembe ya gunia.

Kisha Dale akasogea. Alinyoosha mkono wake mzima, ule wa kulia, akanishika kiwiko. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na Mungu anisamehe, nadhani alikuwa akiuamini uongo wake mwenyewe. "Mimi sina kinyongo, dada," akasema. "Ulijaribu."

Wale wanaume wakaguna kwa kukubali. Mmoja alisema Dale ana moyo. Mwingine akasema ndivyo ndugu wanavyopaswa kuwa. Kiti kikasogezwa, mtu akavua koti, na jikoni pakarudi hali ya kawaida, ile hali ya watu waliomaliza jambo gumu wakaona halikuwa gumu sana.

"Kuna kahawa?" Clair akauliza, kwa upole.

Nilibaki nimesimama. Nilimtazama Baba. Nilitaka anitazame mara moja tu, aone kwamba nimeona, na alinitazama kweli. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba. Lakini alichosema ni hiki:

"Arlene. Wageni."

Nikachukua birika, nikawamiminia wote watano, na Dale. Wakashukuru, kila mmoja. Kisha nikavuta kiti karibu na Baba, nikamshikia kikombe mdomoni, kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka vibaya sana siku hiyo, na akanywa mpaka kikaisha.